Yusufu alichukua miaka 22 kuyasema

Miaka kadhaa iliyopita niliingia msibani nikiwa na Biblia kwapani. Marehemu alikuwa kijana wa bodaboda, amegongwa na lori usiku. Mama yake alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, vidole vikikunja na kukunjua pindo la kanga. Niliinama nikamwambia kile tunachoambiana wote: "Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Akainua macho. "Mchungaji, hilo nalijua. Naomba usiniambie leo."

Nafundisha Agano la Kale katika chuo cha Biblia. Kwamba Mungu anatawala yote, hata siku inayotuvunja, nimelifundisha darasani mwaka hadi mwaka na ninaliamini kwa moyo wote. Lakini jibu la mama yule lilinirudisha kwenye kitabu cha Mwanzo, na safari hii nilikisoma nikihesabu miaka.

Yusufu anatupwa shimoni na ndugu zake, kisha anauzwa akiwa na miaka 17 (37:2). Anasimama mbele ya Farao akiwa na 30 (41:46). Inapita 7 ya shibe na 2 ya njaa (45:6), ndipo anajitambulisha kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba Mungu ndiye aliyempeleka Misri. Hapo ana miaka 39. Tangu shimoni imepita 22. Na ule mstari tunaoupenda, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema" (50:20), anausema baada ya kifo cha baba yake Yakobo, aliyeishi Misri miaka 17. Yusufu sasa ni mtu mzima wa miaka kama 56.

Katikati ya hapo anasema nini? Gerezani, alikotiwa kwa kusingiziwa, anamweleza mfungwa mwenzake, mnyweshaji wa Farao, bila kupamba: niliibwa kutoka nchi ya Waebrania, na hapa sikufanya lolote la kunifunga. Mnyweshaji anatoka, anamsahau miaka miwili mizima. Baadaye Yusufu anavaa pete ya Farao, anaoa, anapata watoto, na mwanawe wa pili anamwita Efraimu, "maana Mungu amenipa uzazi katika nchi ya mateso yangu." Mtu wa pili kwa ukubwa Misri nzima, na bado anaiita nchi ya mateso! Sijui kwa nini nilikuwa nikiupita mstari huo haraka.

Turudi kwenye 50:20, maana pana jambo zito. Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja, *hashabu*, kwa ndugu na kwa Mungu: kukusudia, kupanga. Ndicho kinachotoa jina la fundi stadi anayefuma mapazia ya hema katika Kutoka 26. Kwa hiyo andiko halisemi kwamba Mungu alikuta uovu umeshatendeka, akautafutia matumizi. Alikuwa na kusudi lake tangu mwanzo, katika tukio lile lile. Wala halisemi kwamba uovu ule ulikuwa mwema. Yusufu anauita mabaya, mbele ya walioutenda. Yote mawili yanasimama pamoja, na anayetaka kuondoa moja ili apate nafuu atabaki na Mungu asiyeweza au na Mungu asiyejali.

Ila tazama ni nani anayesema. Ni aliyetupwa shimoni. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" nayo ilitoka kinywani mwa Ayubu, aliyezika watoto 10. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno (2:13), na hiyo ndiyo huduma yao bora katika kitabu kizima. Sisi tunafika turubai la msiba halijafungwa vizuri, tunamwekea mfiwa ushuhuda mdomoni.

Nadhani tunafanya hivyo kwa hofu. Tunaogopa kwamba kilio kikiachwa kitamvunjia Mungu heshima. Lakini Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini?", na swali hilo haulizwi asiye na uwezo. Anayemlilia Mungu namna hiyo ameshakiri ni nani aliye kwenye kiti cha enzi. Ukiamini kweli kwamba anatawala, huna haraka ya kumtetea.

Siku ya tatu nilirudi kwa yule mama na kilo mbili za sukari, nikakaa chini. Wanawake walikuwa wakichambua mchele kwenye ungo, hakuna aliyesema sana. Baada ya muda mrefu akaniambia, "Nisomee kitu, Mchungaji." Sikufungua sura ya 50. Nilifungua ya 39, Yusufu amesingiziwa, ametiwa gerezani, hajui lolote kuhusu njaa wala ghala wala pete. Nikafika mstari wa 21: "Lakini Bwana akawa pamoja na Yusufu."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.