Ubunifu haudai uhuru usio na mipaka

Vijana wengi wanaochora na kutunga, kuanzia Mafinga hadi Mbeya mjini, huamini vipaji vyao vingeng'aa kama vikwazo vyote vingeondolewa: hela, muda, masharti ya fani. Kuhusu hela wana haki, maana njaa haijawahi kumfundisha mtu kuchora. Kwa mengine wanakosea.

Tazama vikapu vya milulu, nyasi za majimaji, vinavyosukwa na kina mama wa Kihehe mkoani Iringa. Msukaji haifanyii milulu lolote apendalo. Kikapu huanzia kitakoni na kupanda mzunguko baada ya mzunguko, na kosa la chini huonekana hadi juu. Humo humo ndimo anamoamua upana, nakshi, pa kubana na pa kulegeza. Malighafi isiyo na ukaidi wowote isingemdai uamuzi wowote.

Iringa mjini kuna pia Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana na inayoajiri watu wenye ulemavu. Wametengeneza hata karatasi kwa kinyesi cha tembo! Sisemi ulemavu ni baraka. Ngazi zinazomzuia mwenye kiti cha magurudumu ni dhuluma ya watu, zibomolewe; ugumu ulio ndani ya kazi yenyewe ni habari nyingine.

Watunzi wa mashairi ya tarbia wanaujua ugumu huo: kila ubeti mishororo 4, mizani (silabi) 16 kila mmoja, vina kati na mwisho. Anayesaka kina huishia kukumbuka neno ambalo asingelifikiria kamwe.