Vifo vya watoto: dodoso haliwafikii mama waliofariki

Wengi huamini kwamba mdadisi akipita nyumba kwa nyumba Manzese au Mbagala, jijini Dar es Salaam, na kuwauliza kina mama wote idadi ya watoto waliowazaa na waliofariki, hesabu imekamilika. Sivyo, hasa pale VVU vilipoua watu wazima wengi.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 walio hai. Mama aliyefariki kwa UKIMWI hana wa kumjibia, na watoto wake hawaingii kwenye dodoso. Ndio hao waliokuwa hatarini zaidi: bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaoambukizwa na mama zao hufariki kabla ya miaka 2.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, 900 mama zao wako hai, na 63 kati yao wamefariki. Dodoso litatoa vifo 70 kwa kila 1,000. Wale 100 waliobaki mama zao wamefariki, na watoto 40 kati yao nao wamefariki. Kiwango halisi ni 103. Pengo hilo si dogo hata kidogo!

Kuongeza idadi ya kaya hakusaidii, kwa sababu kosa linabaki lilelile. Kinachosaidia ni kurekebisha takwimu kwa modeli ya maambukizi na vifo vya kina mama, kama wafanyavyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Marekebisho huwa makubwa kwa miaka ya nyuma, kabla ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, hazijaenea.