Wanachofurahia Wapenzi wa Gemu za Vita Si Damu

Wazazi wanaoniletea vijana wao kwa ushauri nasaha wana sentensi moja ambayo nimeisikia kiasi cha kuweza kuimalizia kabla msemaji hajaifikisha mwisho: "Daktari, huyu mtoto anapenda kuua." Ushahidi wao ni kwamba kijana anashinda kwenye simu akicheza Free Fire au Call of Duty, au kila jioni anapotelea kwenye kibanda cha gemu kucheza Mortal Kombat na wenzake. Wake nao huja na malalamiko hayohayo kuhusu waume waliokwisha kuvuka miaka thelathini. Malalamiko juu ya muda, fedha na usingizi ninayaelewa, na mengi yana msingi. Lakini maelezo yanayoambatana nayo, kwamba ndani ya mchezaji mna kiu ya damu inayokatwa na gemu, ni ya kubuni, tena yanaharibu ushauri kabla haujaanza, kwa sababu mtoto aliyeitwa muuaji mbele ya mgeni hana tena sababu ya kufungua kinywa.

"Anachokipenda ni damu"

Dhana hii inanichosha kuliko nyingine zote, ilhali imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2009 Andrew Przybylski, Richard Ryan na Scott Rigby walichapisha tafiti sita zilizouliza swali hilohilo: mchezaji akishapata nafasi ya kuonyesha umahiri na uhuru wa kujiamulia, ukatili unamwongezea furaha kiasi gani? Walichokipata ni kwamba unaongeza kidogo mno. Katika jaribio mojawapo walichukua Half-Life 2, gemu ya bunduki inayojulikana sana, wakaiandaa kwa sura mbili. Sura ya kwanza ilibaki na risasi na damu. Katika ya pili mpinzani aliyelengwa alielea juu kwa utulivu kisha akatoweka, kana kwamba watu wanacheza kukimbizana na kugusana. Walioicheza sura isiyo na damu hawakufurahia kidogo kuliko wenzao. Limo pia katika tafiti hizo jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia na watetezi wa gemu hawapendi kulitaja: watu wenye hulka ya ukali walielekea zaidi kuzichagua gemu zenye ukatili, lakini hata kwao ukatili wenyewe haukuongeza furaha kwa namna ya kutegemewa.

Anayetaka kuelewa kwa nini iwe hivyo na afuatilie sekunde chache za pambano lenyewe. Mchezaji anasikia hatua nyuma ya ukuta, anakisia ni adui mmoja au wawili, anaamua kama atasubiri, atazunguka kupitia mlango wa pili au atamwita mwenzake, anatokeza, analenga, na papo hapo anajulishwa kama amepatia au amekosea. Maamuzi manne au matano yamepita na kila moja limeleta jibu lake bila kuchelewa. Shuleni kijana huyo hufanya mtihani na kusubiri matokeo kwa wiki kadhaa. Nyumbani hufua, hudeki na hutumwa dukani bila mtu kumwambia kwamba amefanya vizuri. Kwenye gemu anajiona akipanda ngazi kutoka kwa mtu anayekufa katika dakika ya kwanza hadi kwa mtu anayetegemewa na kikosi, na ongezeko hilo la umahiri anaweza kulishuhudia kwa macho yake. Umahiri, uhuru wa kuchagua njia na kuwa na wenzako ni mahitaji matatu ambayo Ryan na mwenzake Edward Deci wamekuwa wakiyaandikia kwa miongo kadhaa, na hakuna hata moja linalohitaji maiti.

Kwa nini basi furaha hiyo imewekwa ndani ya bunduki? Sababu kubwa iko kwenye ubunifu wa gemu kuliko kwenye nafsi ya mchezaji. Kompyuta ni hodari wa kukokotoa kama mstari uliotoka kwenye mtutu umekutana na mwili wa mpinzani au umempita pembeni, lakini kwa sehemu kubwa ya historia yake imekuwa dhaifu mno katika kukokotoa iwapo neno la kumfariji rafiki limefaa au halikufaa. Mapambano humpa mbunifu anachokihitaji kwa gharama ndogo: lengo lisilohitaji maelezo, hatari inayoeleweka katika lugha zote, na matokeo yasiyo na utata. Mcheza bao naye hupora kete za mwenzake mpaka upande wa pili ubaki mtupu, wala hakuna aliyewahi kumshuku kwamba moyoni ni mwizi. Watu wanajua kuwa raha yake iko kwenye hesabu na kwenye uso wa mpinzani aliyezidiwa.

Nina ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unatoka kwa wachezaji wenyewe. Waliobobea kwenye mashindano mara nyingi hupunguza ubora wa picha kwa makusudi ili mchezo uende kasi na mpinzani aonekane waziwazi. Katika Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya bunduki ya kompyuta, wengi walikuwa wameweka amri maalumu kwenye kitufe cha kibodi, na kila wakikibonyeza madoa ya damu na matundu ya risasi yalifutika ukutani, kwa sababu yaliwachanganya macho. Hawa ndio waliokuwa wameizamia gemu hiyo kuliko wote, na damu waliiona kuwa uchafu unaozuia kazi.

Najua hoja inayotupwa mbele yangu kila ninaposema haya. Mortal Kombat ilitoka mwaka 1992 kwenye mashine za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata ilipohamia majumbani, kampuni ya Nintendo waliigeuza damu ikawa kitu cha kijivu mfano wa jasho, wakati wapinzani wao Sega waliiacha damu nyuma ya msimbo wa siri uliojulikana na kila mtoto. Toleo la Sega ndilo lililouza zaidi, na mwaka 1994 Nintendo waliiruhusu damu katika toleo la pili. Je, si damu iliyouza? Iliuza, ndiyo, na sijawahi kudai kwamba haina mvuto dukani. Lakini mnunuzi alikuwa akichagua kati ya mchezo kamili aliouzoea na mchezo uliokatwa, tena katika mwaka ambao wanasiasa wa Marekani walikuwa wakiujadili bungeni, jambo ambalo kwa kijana wa miaka kumi na mitatu ni tangazo lisilo na bei. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2009 kwamba alama za onyo la umri na ukatili ziliwafanya watoto wazitamani gemu zaidi. Kuvutwa na kilichokatazwa ni jambo moja, na kubaki unacheza baada ya udadisi kwisha ni jambo jingine; ukiwasikiliza wanaoendelea na gemu hiyo miaka mingi baadaye, mazungumzo yao ni juu ya mpangilio wa mapigo, umbali na wakati wa kukinga.

"Bora amalizie hasira zake humo"

Hii ni dhana ya upande wa pili, na huipata zaidi kwa wachezaji wenyewe na kwa wazazi wanaotafuta amani. Haina msingi. Utafiti wa Brad Bushman wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokasirishwa kisha wakapiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi waliibuka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Anayejihisi mwepesi baada ya gemu hajatapika hasira. Mawazo yake yalishikwa na kazi nyingine kwa muda, na fumbo au gemu ya mpira ingeweza kumfanyia vivyo hivyo.

"Hajui tena tofauti ya mchezo na kweli"

Kama dhana hii ingekuwa sahihi, wabunifu wasingepata taabu ya kumjaza adui ubaya. Angalia wanaouawa kwenye gemu hizi ni akina nani: wafu wanaotembea, majini, roboti, Wanazi, magaidi wasio na majina. Tilo Hartmann na Peter Vorderer walionyesha mwaka 2010 kwamba wachezaji huona hatia zaidi pale wanapolazimika kumshambulia mhusika asiye na kosa, na kwamba hatia hiyo hupunguza raha. Call of Duty: Modern Warfare 2, ya mwaka 2009, ilikuwa na sehemu ambapo mchezaji anaingia uwanja wa ndege pamoja na magaidi wanaowapiga risasi raia, na waliotengeneza gemu hiyo waliweka onyo na nafasi ya kuiruka sehemu hiyo bila adhabu. Dhamiri ya mchezaji imo ndani ya mchezo muda wote, na ndiyo maana kampuni inalazimika kuizunguka.

"Nikimzimia anafura, kwa hiyo gemu imemharibu"

Hapa uvumilivu wangu huwa mfupi, naomba radhi kwa wanaonijua. Mzazi anaingia chumbani, anachukua simu katikati ya raundi, kijana anapiga kelele, na kelele hizo zinaletwa kwangu kama kielelezo cha ukatili uliopandikizwa. Raundi ya Free Fire huenda dakika kumi hivi, haiwezi kusimamishwa, na anayetoweka anawaachia wenzake watatu pengo. Mchukulie mtu mzima rimoti dakika ya 88 ya mechi ya Simba na Yanga uone atakavyokuwa. Mwaka 2014 Przybylski na wenzake walionyesha kwamba kinachochochea hisia za ukali kwa kiasi kikubwa ni kuzuiwa umahiri, kwa mfano vidhibiti visivyoeleweka au ugumu usiopitika, hata katika Tetris, gemu ya kupanga vipande isiyo na tone la damu.

Sisemi kwamba hakuna athari yoyote. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipopitia upya msimamo wake mwaka 2020 kilikiri kuwepo kwa uhusiano mdogo kati ya gemu hizi na mambo kama kufoka na kusukumana, kikasema wakati huohuo kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha na vitendo vya ukatili. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliowahusisha vijana wapatao elfu moja wa miaka 14 na 15 pamoja na walezi wao haukupata hata uhusiano huo mdogo. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wazazi wengi huuona mwepesi mno kwa pesa waliyolipa, ni kuuliza "raundi inaisha lini?" kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, kisha kusubiri mlangoni, na kuhakikisha kwamba raundi inayofuata haianzi. Mipaka iwekwe kwa raundi wala isiwekwe kwa dakika. Na mzazi akae acheze mwenyewe, ashindwe vibaya mbele ya mwanawe. Atajifunza kwa nusu saa mambo ambayo mimi siwezi kumweleza kwa mwezi.

"Dopamini yake ni ileile ya kokeini"

Utafiti wa London wa mwaka 1998 uliozaa usemi huu uliwapima wanaume wanane wakiendesha kifaru kwenye skrini kwa malipo, na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na motisha, ilipanda kadiri mtu alivyofanya vizuri zaidi, tokeo linaloturudisha tena kwenye umahiri. Uraibu wa gemu upo, na Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni kushindwa kujizuia, kuipa gemu kipaumbele juu ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Ukatili haumo. Gemu ya mpira inaweza kumnasa kijana vilevile, na kwa kuwa haina bunduki wazazi huchelewa kuishtukia.

Yote haya hayamruhusu mtoto wa miaka saba kukabidhiwa gemu iliyotengenezwa kwa watu wazima. Nawazuia wadogo bila kusita, lakini kwa sababu nyingine: picha hizo huwatisha na kuwakosesha usingizi, na katika gemu nyingi za mtandaoni kuna mazungumzo ya sauti na watu wasiojulikana umri wala nia. Mzazi mwenye muda wa kukagua jambo moja tu kwenye simu ya mwanawe na aanze na kitufe cha kuzima sauti hizo.