Eksirei ya mdomo mzima: maswali ya wagonjwa wa meno Arusha

Swali: Daktari kaniandikia OPG. Ndiyo nini?

Ni eksirei moja inayoonyesha meno yote ya juu na ya chini, mifupa ya taya, na maungio yake karibu na masikio. Ile ndogo ya kuwekwa ndani ya mdomo huonyesha meno matatu manne tu.

Swali: Kijana wangu kaanguka na bodaboda, kaumia kidevu. Mbona kapigwa picha ya mdomo wote?

Taya la chini limepinda kama upinde. Likigongwa kidevuni linaweza kuvunjika hapo hapo, likavunjika tena juu karibu na sikio, mahali ambapo hakuna hata mchubuko. Ukiangalia panapouma tu, ufa wa pili unaweza kukupita.

Swali: Inapigwaje? Inauma?

Haiumi. Unasimama au kuketi, kidevu unakiegemeza, unang'ata kijiti cha plastiki chenye mfuo, na mashine inakuzunguka kichwa kwa sekunde 12 hadi 20 hivi. Utaambiwa umeze mate, ulimi ubaki umebana juu kwenye kaakaa. Tafadhali fanya hivyo kweli: ulimi ukishuka, hewa iliyobaki huweka kivuli cheusi juu ya mizizi ya meno ya juu, na pengine hapo ndipo palipokuleta. Ukitikisika, picha inapinda.

Vua hereni, kipini, mkufu, pini za nywele na za mtandio, miwani, na meno ya bandia yanayotoka. Hereni ya kulia ikisahaulika hujitokeza mara ya pili upande wa kushoto, juu kidogo, kama ukungu mweupe, na kuficha kilichopo pale.

Swali: Mionzi je?

Ni kidogo. Mionzi ya asili humfikia binadamu kwa wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi) 2.4 kwa mwaka; picha hii kwa kawaida haifiki 0.03. Hata hivyo isipigwe bila sababu, na mama mjamzito aseme mapema.

Swali: Itaonyesha meno yote yaliyooza?

Hapana. Tundu dogo lililojificha kati ya jino na jino linaonekana vizuri zaidi kwa ile eksirei ndogo.

Swali: Nimekulia Arumeru, meno yangu ni ya kahawia. Nipige?

Kwa ajili ya rangi, usitoe hela yako. Eksirei haionyeshi rangi. Daktari anaitambua kwa macho. Imetokana na floridi nyingi kwenye maji uliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Si uchafu, na inaniuma kila ninapomwona binti akicheka huku kafunika mdomo kwa kiganja. Usisugue kwa mkaa wala mchanga, utalimaliza jino. Kama una mtoto wa chini ya miaka 8, mtafutie maji yenye floridi kidogo, hata ya mvua yaliyovunwa kwa usafi. Kuchemsha hakuiondoi floridi.