Punda aliyeachwa Amu: yasemwayo barazani na isemavyo sheria

Asubuhi ya leo hapa Amu, yaani mji wa Lamu, pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, palisimama punda dume akitafuna kipande cha boksi. Mgongoni ana donda la kusuguliwa na shogi, yale makapu ya mizigo, nzi wamelijaa. Shingoni ana herufi mbili za chuma cha moto. Herufi zina mwenyewe, na mtaa mzima wamjua. Ila ukiuliza, jibu ni moja: "Ah, huyo ashaachwa."

"Punda ni mali yangu, nikimwacha ni shauri yangu." Sivyo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inasema ni kosa kumtelekeza mnyama wako bila sababu ya maana, pahali au katika hali itakayomtesa. Huo umiliki unaojivunia ndio unaokubana.

"Kwani Amu punda gani hazururi?" Hapa ndipo watu wanaponibishia, na wana hoja. Punda wetu akishatuliwa mchanga au mawe hufunguliwa, akajiendea zake Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na alfajiri mwenyewe akamtafuta. Huko si kumtelekeza. Tofauti iko kwenye hiyo alfajiri: kwa punda aliyeachwa, mwenyewe harudi, kwa kuwa punda amechechemea na hawezi tena kubeba saruji. Maji hana, pumba hana, wa kumtazama kwato hana. Tena watu husema "atajilisha jaani", kama kwamba jaani ni malisho. Punda hula mabaki pamoja na plastiki, ile plastiki ikajikusanya tumboni, matumbo yakaziba. Ukishamwona punda anagaagaa chini, anajitazama ubavu, ajinyosha na kulala tena, utajua msokoto wa tumbo ni nini. Wengine hawaamki.

"Sijampiga, basi sijamtesa." Kumshindisha na njaa au kiu pia ni ukatili kwa sheria hiyo hiyo.

"Nimemkabidhi kijana, mimi simo." Umo. Ikiwa kwa uangalizi wa kawaida ungeweza kuzuia mateso na hukuzuia, unahesabiwa umeyaruhusu.

"Adhabu yenyewe faini tu, tena ndogo." Ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Faini ni ya kizamani, nakiri. Sheria ilitungwa miaka ya 1960 na shilingi 3,000 leo haikununulii punda. Lakini miezi 6 ya jela haijashuka thamani.

"Paka je? Paka hana mwenyewe." Wa mtaani labda. Uliyemlea nyumbani kisha ukamtia kwenye kikapu na watoto wake ukawaacha gatini, huyo ana mwenyewe. Na sisi tuliokaa madrasa twaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula.

"Matibabu ghali, bora nimwachie Mungu." Hili ndilo lanichosha zaidi. The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wapo hapa mjini tangu 1987, na punda hutibiwa bure. Kutoka Mkunguni ni mwendo wa miguu tu.

Saa nne vijana wawili wa gatini walimtia kamba yule dume wakaanza kumvuta taratibu, upande wa pwani. Mwenyewe alikuwa barazani, kete za bao mkononi. Akainua macho, akayarudisha kwenye bao.