"Kosa la wazi": swali ambalo VAR huulizwa, na lile tunalodhani inaulizwa

Mshambuliaji ameingia kwenye boksi, beki kamgusa kisigino, mshambuliaji kaenda chini. Refa anasema peta, mchezo uendelee. Marudio yanaonyeshwa mara tatu, na kila pembe inaonyesha daluga ikigusa mguu. Tunamsubiri refa ashike sikio, kisha achore ule mstatili wa televisheni hewani. Hashiki, hachori. Mpira unaendelea, na sisi mashabiki tunabaki na neno moja mdomoni: tumeibiwa.

Mara nyingi hatujaibiwa. Sisi tulikuwa tunauliza, "Ilikuwa faulo?" Chumba cha VAR, yaani waamuzi wanaokagua matukio kwa video, kiliulizwa jambo jingine kabisa: "Refa amekosea waziwazi?" Maswali haya yanafanana kwa mbali tu, na pengo lililopo kati yake ndilo linaloitwa kosa la wazi.

VAR iliingizwa rasmi kwenye sheria za mpira Machi 2018 na IFAB, bodi inayotunga sheria hizo, na miezi michache baadaye ikatumika kwenye Kombe la Dunia la Urusi. Haikuletwa ili ichezeshe mechi upya kutoka chumbani. Ilipewa mambo manne tu ya kuangalia: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na pale refa anapomwadhibu mchezaji asiyehusika. Kona iliyotolewa kimakosa haikuwemo, wala kadi ya pili ya njano. Na hata ndani ya hayo manne haikuruhusiwa kuingia ovyo. Lazima refa awe amekosea kwa namna isiyo na ubishi, au kuwe na tukio zito ambalo hakuliona kabisa.

Kwa hiyo uamuzi wa uwanjani ndio mwenye nyumba. Anayetaka kumhamisha ndiye anayetakiwa kuleta hati. Asipokuwa nayo, mwenye nyumba anabaki, hata kama majirani wote wanaamini nyumba si yake.

Hapa ndipo panapotuumiza vichwa, kwa sababu tukio lilelile linaweza kuwa na majibu mawili, na yote yakawa sahihi kisheria. Mrudie yule beki aliyegusa kisigino. Mguso ni mdogo, lakini upo. Refa akiweka penalti, VAR haitaiondoa, kwa kuwa mguso unaonekana. Refa akisema peta, VAR haitaileta, kwa kuwa mguso mdogo si lazima uwe faulo. Wiki iliyopita wapinzani wetu walipewa, leo sisi tumenyimwa, na hakuna aliyevunja utaratibu. Shabiki anaita hiyo mbeleko, yaani upendeleo. Mimi naiita kasoro ya kuishi na binadamu mwenye kipyenga, na naikubali shingo upande.

Nina kipimo changu, hakimo kwenye sheria yoyote: nikilazimika kutazama marudio mara ya nne, kosa hilo si la wazi. Kwa kipimo hicho naitilia shaka hata penalti iliyo maarufu kuliko zote za VAR. Fainali ya Kombe la Dunia la 2018, Ufaransa na Croatia, mpira wa kona unamgusa Ivan Perišić mkononi. Refa Néstor Pitana wa Argentina anaitwa kwenye skrini. Anaangalia, anaanza kuondoka, anarudi kuangalia tena, kisha anaweka penalti. Griezmann anafunga, inakuwa 2–1, na mwisho Ufaransa inashinda 4–2. Mkono uligusa mpira, sibishi. Ila mtu anayerudi skrini mara ya pili anatuambia nini kuhusu uwazi wa kosa lenyewe?

Marudio ya polepole nayo yana fitina yake. Utaratibu wa VAR unasema picha ya polepole itumike kujua jambo lilipotokea: mguu uligusa wapi, mpira ulifika mkononi au la. Ukitaka kupima nguvu ya rafu, au kuamua kama mkono ni kosa la kunawa, unatakiwa kutazama kwa kasi ya kawaida. Sisi nyumbani tunalishwa polepole tu. Kwa mwendo huo kila mkono unaonekana unaufuata mpira kama wa mtu anayepokea salamu, na kila kukwatuana kunaonekana kumepangwa tangu asubuhi.

Upo upande mwingine ambao hauna habari na uwazi wa kosa. Kuotea, mpira kutoka nje, faulo kuwa ndani au nje ya boksi: hayo ni ndiyo au hapana. Kidole cha mguu kikizidi, kimezidi, hata kama refa na kibendera wake wasingeweza kukiona kwa macho yao. Qatar 2022 ilikuwa na kamera 12 za kufuatilia wachezaji, na kihisi ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Ndiyo maana unaweza kuona bao likikataliwa kwa ukucha, halafu dakika tano baadaye rafu ya kuvunja mguu inaachwa na kadi ya njano. Kwa shabiki huo ni uonevu mtupu. Kwa utaratibu ni mizani mbili tofauti: ukucha unapimwa kwa rula, rafu inapimwa kwa kuuliza kama refa amepotea kabisa.

Lakini hata jambo la ndiyo au hapana linadai ushahidi. Aprili 5, 2024 mjini Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga lilipiga mtambaa panya na kudunda chini langoni mwa Mamelodi Sundowns. Bao halikutolewa uwanjani, na VAR haikulitoa. Mechi ikaisha 0–0, Sundowns wakapita kwa penalti 3–2. Kwa macho yangu mpira uliingia. Ila macho yangu yalikuwa yanategemea kamera, na kamera isiyokaa sawasawa na mstari wa goli hudanganya, hasa mpira ukiwa bado hewani. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mwenye nyumba pale alikuwa "si bao", na hati haikupatikana. Naweza kulieleza hilo vizuri kabisa na bado nikaumia.

Linganisha na shuti la Frank Lampard wa England dhidi ya Ujerumani, Kombe la Dunia la 2010 kule Bloemfontein. Lile halikuhitaji hata marudio ya pili, mpira ulikuwa ndani kwa mbali, ila bao halikutolewa. Hakukuwa na VAR wala mitambo ya mstari wa goli. Mitambo hiyo iliruhusiwa 2012.

Na kuna siku kosa la wazi kuliko yote linapita. Septemba 30, 2023, Luis Díaz aliifungia Liverpool dhidi ya Tottenham, kibendera akainua bendera ya kuotea. Chumbani waliona hakuotea. Shida ni kwamba walidhani uwanjani bao limekubaliwa, kwa hiyo wakamjibu refa kwamba ukaguzi umekwisha. Refa akaelewa kwamba kuotea kumethibitishwa, mpira ukaanzishwa. Ukishaanzishwa, sheria haikurudishi nyuma kwa jambo la namna hiyo. Tottenham wakashinda 2–1, na matokeo yakabaki, kwa sababu sheria inasema pia kwamba mechi haifutwi kwa kosa la VAR.

Kwenye mpira wa Kimarekani waliwahi kujaribu kupanua mlango. Januari 2019 New Orleans Saints walinyimwa faulo ambayo kila mtu aliiona, kwenye mechi ya kuwania fainali dhidi ya Rams, na msimu uliofuata ligi ikaruhusu aina hiyo ya faulo ikaguliwe kwa video. Utaratibu huo ulidumu msimu mmoja, wakauacha. Faulo ya kupimwa kwa hisia ya refa haikugeuka kuwa ya rula kwa sababu tu imepata skrini.

Sasa, haya yanahusianaje na hesabu zetu za ubingwa? Sana, kwa sababu kila shabiki ana daftari lake la pointi zilizoibiwa, na mimi ninalo. Msimu huu nimeanza kulichuja. Naweka kando matukio ambayo VAR isingeweza kuyagusa kwa vyovyote, kisha yale ya mguso mdogo ambayo yangeweza kwenda popote. Yanayobaki ni machache kwa aibu. Ukiyaondoa hayo, unakutana uso kwa uso na mshambuliaji aliyekosa akiwa yeye na kipa, na mabeki wanaolala mpira wa kona ukipigwa. England ya 2010 ilinyimwa bao ambalo lingefanya 2–2, ni kweli. Vilevile ilifungwa manne.

Nilichokipenda zaidi ni jaribio la FIFA kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20, mwaka 2024 nchini Colombia. Hakuna waamuzi wa chumbani. Kila kocha ana nafasi mbili za kuomba tukio likaguliwe, refa anakwenda kutazama mwenyewe, na ombi likikubaliwa kocha hapotezi nafasi hiyo. Kosa likipita, lawama inarudi kwenye benchi. Ila kocha wa timu yangu namjua. Nafasi zote mbili zingekwisha kabla ya mapumziko, na moja angekuwa ameitumia kwa kona.