Vampaya Anapobisha Hodi

Nahariri riwaya za kutisha, na miswada ya vampaya (mfu anayeishi kwa kunywa damu) mwenye huruma haiishi mezani kwangu. Mingi naijua itakakokwenda kabla sijamaliza sura ya kwanza: kijana mzuri wa sura, mpweke, anakunywa damu ya wanyama tu na kuomba radhi kwa kila kitu. Mwandishi amemng'oa meno, halafu anataka tumwogope.

Kumwonea vampaya huruma si jambo la leo. Vampaya Varney, ambaye visa vyake vilitoka Uingereza katika vijitabu vya bei chee kati ya 1845 na 1847, alijichukia mpaka akajitupa ndani ya volkeno. Mwaka 1976 mwandishi Anne Rice akampa vampaya wake nafasi ya kujieleza mbele ya mwandishi wa habari na kinasa sauti chake. Mtu akishakusimulia yake usiku kucha, kumchukia kunakuwa kazi.

Ila huruma unaweza kuwa nayo huku mlango umeukomea. Urafiki ni mpaka ufungue, na hapo ndipo ile kanuni ya zamani inaponoga. Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897, vampaya haingii nyumbani mpaka mwenyeji mmoja amkaribishe. Akishakaribishwa mara moja, anaingia na kutoka apendavyo. Yaani “karibu” ni kosa la anayeliwa.

Mwandishi Msweden John Ajvide Lindqvist aliigeuza kanuni hiyo mnamo 2004. Riwaya yake, Let the Right One In kwa Kiingereza, inatokea mwaka 1981 huko Blackeberg, kitongoji cha Stockholm. Oskar ana miaka 12 na shuleni anaonewa kila siku; jirani yake ni Eli, vampaya mwenye umbo la mtoto. Usiku wanagongeana ukutani kwa alama za Morse, mapigo yanayosimama badala ya herufi. Katika filamu ya 2008 iliyotokana na riwaya hiyo, Eli anasimama mlangoni akiomba akaribishwe. Oskar anataka kujua itakuwaje asipomkaribisha, basi anampungia mkono tu, kwa dharau kidogo, bila kutamka neno. Eli anaingia hivyo hivyo. Kimya. Kisha damu inaanza kumtoka masikioni, machoni, inalowesha nguo mgongoni, naye hasogei. Oskar anamrukia, anamkumbatia, anapiga kelele kwamba anaruhusiwa kuingia.

Kanuni ni ileile, ila safari hii anayeweza kufa ni mgeni. Na yule mtoto anayeteswa kila siku ameonja, kwa dakika moja, utamu wa kutesa. (Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi mno, na bado hukunja vidole vya miguu.)

Hata hivyo Lindqvist hamsafishi Eli. Mapema kabisa Eli anamuua Jocke, mlevi asiye na lake, chini ya daraja. Mwandishi mvivu angemwacha pale awe maiti tu, basi. Hapa Jocke ana rafiki, Lacke, ambaye hakubali kwamba mtu anaweza kupotea hivi hivi, na kutafuta kwake ndiko kunakomfikisha hadi mlangoni kwa Eli. Urafiki mmoja unakuja kuugongea urafiki mwingine, na msomaji hajui amwombee nani.

Wiki iliyopita nilirudisha mswada wenye vampaya mpole kupindukia. Ukurasa wa 40 anamuua mlinzi wa usiku, na mlinzi huyo hatajwi tena. Pembeni niliandika swali moja tu: asubuhi, nani atamuulizia huyu?